Majilio: Kungoja, Taa na Mvua

Majilio ni kipindi cha Dominika nne zinazotangulia Krismasi. Ndicho kinachofungua mwaka wa Kanisa kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani na wengine wenye asili ya Kanisa la Magharibi. Dominika ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, kwa hiyo haiji kabla ya 27 Novemba wala baada ya 3 Desemba, na kipindi chote huchukua kati ya siku 22 na 28. Rangi ya mavazi ya ibada ni zambarau. Katika Misa za Dominika utenzi wa Utukufu huachwa, lakini Aleluya huimbwa kama kawaida, tofauti na wakati wa Kwaresima. Wanaongoja hawajaanza kushangilia, ila hawajanyamazishwa.

Kipindi hiki hakikuzaliwa siku moja. Mwaka 380 maaskofu waliokutana Zaragoza, Hispania, waliwataka waumini wasikose kanisani kuanzia 17 Desemba hadi 6 Januari. Katika karne iliyofuata, Askofu Perpetuus wa Tours, katika Galia, nchi iitwayo leo Ufaransa, aliagiza mfungo wa siku tatu kwa juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Mpango wa Dominika nne ulikomaa Roma, na kwa kawaida huhusishwa na Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kutoka 590 hadi 604. Milano imebaki na majuma sita mpaka leo. Waorthodoksi wa Mashariki hufunga siku 40 kabla ya Noeli, na Kanisa la Ethiopia siku 43 kabla ya Noeli yake, inayoadhimishwa 7 Januari.

Mikondo hiyo miwili, toba ya Galia na matazamio ya Roma, haikuunganishwa ikawa kitu kimoja laini. Mpaka 16 Desemba masomo yanazungumzia zaidi mwisho wa nyakati na ujio wa pili wa Kristo. Kuanzia 17 Desemba yanageukia kuzaliwa kwake Bethlehemu. Mtu aingiaye kanisani Dominika ya kwanza akitazamia hori, wachungaji na nyota hupokewa na habari nyingine kabisa. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka A husomwa gharika ya siku za Nuhu, iliyowakuta watu wakila na kuoana. Mwaka B ni bawabu aliyeagizwa akeshe kwa sababu hajui bwana wa nyumba atarudi saa ngapi. Mwaka C ni ishara katika jua na mwezi, na mataifa yaliyoingiwa na hofu kwa uvumi wa bahari. Hakuna la kubembeleza hapo. Majilio huanza kwa kuitaja hofu ilivyo, na ndipo mengine yote hufuata.

Hali ni hiyo hiyo kwa Nabii Isaya, ambaye husomwa kuliko nabii mwingine yeyote katika majuma haya. Maneno yake mashuhuri kuhusu watu waliokaa gizani na kuona nuru kubwa, yanayosomwa usiku wa Krismasi, yanatanguliwa na aya inayotaja nchi ya Zabuloni na Naftali. Hilo si pambo la kishairi. Maeneo hayo ya kaskazini mwa Israeli yalitwaliwa na Tiglath-Pileseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, yapata mwaka 733 kabla ya Kristo, na wakazi wake wengi wakahamishwa kwa nguvu. Giza linalosemwa ni giza la kushindwa vita, la watu kuondolewa makwao na kutozwa kodi na mgeni. Sehemu ya pili ya kitabu hicho, inayoanza na sura ya 40 na mwito wa faraja, inawahusu waliokuwa uhamishoni Babeli baada ya Yerusalemu kubomolewa mwanzoni mwa karne ya sita kabla ya Kristo. Koreshi wa Uajemi aliuteka mji wa Babeli mwaka 539. Kati ya kubomolewa na kukombolewa ulipita karibu umri wa mtu mzima, na wengi walioyasikia maneno ya faraja hawakuishi kurudi nyumbani. Kwa hiyo matini za nuru zilizopo katika vitabu vya Majilio hazikuandikwa na washindi.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliieleza sifa ya tumaini kwa namna inayofaa kurejewa hapa, kwa sababu inaliondoa katika kundi la hisia nzuri. Kinachotumainiwa, kwa maelezo yake, lazima kiwe chema. Kiwe bado hakijapatikana. Kiwe kigumu kukipata. Na kiwe kinawezekana. Sharti la kwanza hulitenga tumaini na hofu, kwa kuwa hofu huangalia baya. La pili hulitenga na furaha ya mtu aliyekwisha kupata. La tatu hulitenga na tamaa ndogo za kila siku: hakuna anayesema anatumaini kunywa chai iliyo mezani. La nne hulitenga na kukata tamaa. Upande wa pili wa kukata tamaa kuna kosa jingine, la kujiona umekwisha kufika. Akwino analihesabu nalo kuwa adui wa tumaini. Sharti la ugumu ndilo linalosahaulika upesi katika mahubiri ya Desemba. Tumaini likiondolewa ugumu hubaki matarajio mema tu, kama yale ya mtu anayeona mawingu mepesi na kuanika nguo.

Desturi inayotambulika zaidi ya Majilio ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Shada lenye mishumaa minne lilianzia Hamburg, Ujerumani, katika nyumba ya watoto fukara. Johann Hinrich Wichern, mtheolojia wa Kilutheri aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1808, alifungua mwaka 1833 makao yaitwayo Rauhes Haus kwa ajili ya watoto waliotelekezwa katika mitaa ya mji uliokuwa ukijaa watu kwa kasi. Watoto walikuwa wakiuliza kila mara Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kazi na mishumaa minne mikubwa kwa Dominika, ikawa unawashwa mmoja kila siku. Matawi mabichi yaliongezwa baadaye. Kadiri desturi ilivyoenea majumbani, ambako gurudumu zima lisingeweza kuenea mezani, mishumaa midogo iliachwa na ile minne ikabaki. Wakatoliki wa Ujerumani waliipokea katika miaka ya 1920.

Desturi za Desemba za Kijerumani zilikuwa na njia fupi ya kufika Afrika Mashariki. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia nyanda za kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Watu wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walijenga misheni ya Peramiho mwaka 1898. Leo shada la Majilio huonekana katika makanisa ya mijini na vijijini, likiwa na matawi ya mti wowote mbichi usionyauka haraka. Kwa Wakatoliki mishumaa mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, ambao huwashwa Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha. Walutheri wengi hutumia rangi moja kwa yote minne. Katika vijitabu vingi kila mshumaa hupewa jina: tumaini, amani, furaha, upendo. Mpangilio huo unafaa kwa kufundishia watoto, lakini ni nyongeza ya baadaye na Misale ya Kiroma haiutaji. Alichokifikiria Wichern kilikuwa rahisi zaidi na pengine kizito zaidi. Alitaka mtoto aliyezoea kuahidiwa na kuachwa aweze kuhesabu kwa macho yake kwamba ahadi hii inasogea. Mwanga unaongezeka kwa kipimo. Juma la kwanza mshumaa mmoja unawaka na mitatu haijawashwa, na hakuna anayejifanya kwamba imekwisha kuwaka yote.

Hapa inabidi kusema jambo ambalo vitabu vya ibada vilivyotafsiriwa hulipita. Hamburg iko karibu nyuzi 53 na nusu kaskazini mwa ikweta. Siku fupi kuliko zote, yapata 21 au 22 Desemba, mchana wake hauzidi saa saba na nusu. Mtoto wa Rauhes Haus aliyewasha mshumaa aliiona maana yake dirishani. Dar es Salaam, kwa upande mwingine, iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na siku hizo hizo ndizo zenye mchana mrefu kuliko zote za mwaka, yapata saa 12 na nusu. Desemba ya pwani ni joto, jua kali na maembe sokoni. Mhubiri anayewaeleza watu wa Temeke au Mombasa habari za giza la Desemba anasoma kalenda ya kwingine. Hata hivyo giza la Isaya, kama ilivyoonyeshwa, halikuwa la majira, na Maandiko ya Majilio yana picha nyingine inayowakaribia wakulima wa nchi za joto kuliko mshumaa. Picha hiyo ni mvua.

Katika sura ya 45 ya Isaya mbingu zinaombwa zidondoshe haki kama umande na mawingu yainyeshe, ili ardhi ifunguke na wokovu uchipue. Aya hiyo kwa Kilatini huanza na neno Rorate, na imezipa jina Misa za alfajiri zinazosomwa kwa heshima ya Bikira Maria wakati wa Majilio. Katika vijiji vya milima ya Alpi na kote nchini Poland watu huenda kanisani kabla ya mapambazuko wakiwa na mishumaa na taa za mkononi, na Misa huanza bila taa nyingine. Wanaimba habari za mvua wakiwa wameshika moto, nje kukiwa na theluji. Ombi lenyewe limetoka katika nchi kavu, ambako mwaka wenye mvua na mwaka usio na mvua ni uhai na njaa.

Picha ya mvua hurudi Dominika ya tatu ya mwaka A, katika somo la pili, kutoka sura ya tano ya Waraka wa Yakobo. Mkulima anatolewa kuwa mfano wa saburi: anangoja mazao ya nchi mpaka yapate mvua za kwanza na za mwisho. Palestina mvua za kwanza huanza Oktoba au Novemba na kulainisha ardhi ipate kulimwa; za mwisho, Machi na Aprili, hujaza punje. Msikilizaji wa Tanga, Moshi, Machakos au Kilifi hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa, kwa kuwa anaishi kati ya vuli na masika. Katikati na kusini mwa Tanzania, kuanzia Dodoma hadi Songea, msimu wa mvua ni mmoja, na Majilio huangukia kwenye kupanda kwenyewe. Ni wakati ghala za wengi zimepungua. Mbegu inayofukiwa udongoni mwezi huo ingeweza kuliwa. Mwenye nyumba anaichukua mbele ya watoto wenye njaa na kuipeleka shambani, mara nyingine mawingu yakiwa hayajaamua. Masharti manne ya Akwino yote yamo katika tendo hilo. Jema linatafutwa, halijapatikana, ni gumu, linawezekana. Yakobo naye hamsifu mkulima kwa kukaa kibarazani akitazama mbingu. Saburi anayoisema ni ya mtu ambaye jembe lake limekwisha kufanya sehemu yake.

Injili ya Dominika hiyo hiyo inashangaza zaidi. Ni Dominika ya Furaha, padri amevaa rangi ya waridi, na anayetajwa ni mfungwa. Yohana Mbatizaji, aliyemtangaza Kristo kando ya Yordani, sasa yumo katika gereza la Herode, na kutoka humo anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamngojee mwingine. Jibu analopewa halisemi lolote kuhusu kufunguliwa kwake. Anaambiwa kinachotendeka huko nje: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Yohana hakutoka, alikatwa kichwa. Walioipanga ratiba ya masomo wangeweza kuiwekea Dominika ya Furaha kisa chepesi kuliko hiki, na ni vema hawakufanya hivyo.

Karne ya 20 ilitoa wasomaji wawili wa Majilio waliokuwa mahali pa Yohana. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, alikamatwa na utawala wa Hitler Aprili 1943 na kuwekwa katika gereza la Tegel, Berlin. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Eberhard Bethge mwezi Novemba mwaka huo, alilinganisha chumba cha mfungwa na Majilio: mtu hushughulika na hili na lile, huku mlango ukiwa na kitasa upande wa nje tu. Mwaka uliofuata, Julai 1944, alikamatwa Alfred Delp, padri Mjesuiti, siku chache baada ya jaribio la kumuua Hitler kushindwa. Naye alipelekwa Tegel. Mikono yake ikiwa imefungwa pingu, aliandika tafakari za Majilio kwenye vipande vya karatasi vilivyotolewa nje kwa siri pamoja na nguo za kufuliwa. Tarehe 8 Desemba 1944, ndani ya gereza, aliweka nadhiri zake za mwisho katika shirika lake.

Wazo kuu la Delp ni kwamba Majilio ni wakati wa kutikiswa. Mwanadamu anayeamini kwamba amejenga dunia imara kwa nguvu zake hawezi kungoja chochote. Lazima kwanza usalama huo wa uongo uvunjike ndani yake, na hapo ndipo anaweza kuziona dalili za mwanga zilizokuwapo muda wote. Wazo hilo likisomwa na mtu aliyeketi vizuri linaweza kuonekana kuwa falsafa ya kujitesa. Likisomwa kwa kumbukumbu kwamba mwandishi alikuwa akingoja kesi ambayo hukumu yake ilijulikana mapema, lina uzito mwingine. Wote wawili walitamani kuachiliwa huru, na maandishi yao hayafichi hamu hiyo. Delp alinyongwa Plötzensee tarehe 2 Februari 1945. Bonhoeffer alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili, vita ikiwa imebakiza mwezi mmoja kumalizika Ulaya. Tumaini waliloliandika lilikuwa pana kuliko hamu ya kutoka, vinginevyo maandishi hayo yangekufa nao.

Afrika nayo ina shahidi wake, aliyewekwa mwanzoni kabisa mwa waraka wa Papa Benedikto wa 16 kuhusu tumaini, Spe salvi, uliotiwa saini 30 Novemba 2007, siku mbili kabla ya Majilio ya mwaka huo. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili mzima. Mjini Khartoum alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, na mwaka 1885 akapelekwa Italia. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba yu huru. Mwezi Januari 1890 akabatizwa. Aliingia utawa wa Wakanosa, akafariki Schio mwaka 1947, na akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Benedikto anamtumia kueleza kwamba kumjua Bwana asiyemiliki watu kwa mjeledi kulimpa Bakhita kitu ambacho mabwana wake wote hawakuwa nacho cha kumpa wala cha kumnyima.

Utumwa uleule unaikutanisha sikukuu hii na pwani ya Waswahili. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza uliofunga masoko ya watumwa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, mahali palipokuwa na soko la Mkunazini, Wamisionari wa Vyuo Vikuu, UMCA, waliweka jiwe la msingi la kanisa lao kuu. Simulizi hii hupendwa na waongoza watalii, na mara nyingi hukatishwa hapo, kana kwamba Krismasi ile ilimaliza kazi. Haikumaliza. Soko lilifungwa lakini umiliki wa watumwa uliendelea kutambuliwa kisheria visiwani hadi amri ya 1897, na biashara ya magendo ilipita baharini miaka mingi baada ya mkataba. Kwa wafundishaji wa Majilio huo ndio mfano bora zaidi uliopo katika historia ya pwani: jambo limekwisha kuanza na halijatimia, na kati ya mwanzo na utimilifu watu halisi wanaendelea kuumia. Mshumaa wa kwanza huwashwa katika hali hiyo.

Katika maisha ya parokia na sharika kipindi hiki huwa na sura ya kawaida zaidi: foleni za kitubio, mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, michango ya nguo na unga kwa wagonjwa na wafungwa, mazoezi ya kwaya. Kinashindana pia na Krismasi iliyokwisha kuanza madukani tangu Novemba, na vilevile na safari, kwa kuwa mabasi ya Moshi na Bukoba hujaa kabla ya mshumaa wa tatu. Malalamiko ya makasisi kuhusu kelele za biashara yana haki, ingawa safari yenyewe haistahili kulaumiwa. Mzee wa Rombo anayefagia uwanja na kuchagua ndizi kwa ajili ya wanawe wanaotoka Dar es Salaam anafahamu kungoja kwa Majilio kuliko wengi wanaoyaelezea.

Kuanzia 17 Desemba mwendo hubadilika. Kwa jioni saba, hadi tarehe 23, Masifu ya Jioni huimba kabla ya wimbo wa Maria antifona za kale zinazomwita Kristo kwa majina tofauti: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mawio, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ya tarehe 20, Ufunguo wa Daudi, inamwomba aje amtoe mfungwa kifungoni. Ya tarehe 21, Mawio, huangukia siku ambazo katika nchi za kaskazini usiku ni mrefu kuliko wakati wowote. Majilio hufika mwisho jioni ya 24 Desemba, kwa Masifu ya kwanza ya Noeli. Krismasi inapoangukia Jumatatu, kama ilivyokuwa mwaka 2023, juma la nne halifiki hata siku moja: mshumaa wa nne huwashwa asubuhi ya Dominika, na jioni ya siku hiyo hiyo Misa ya mkesha huanza.